Kizuri Hakijiuzi: Kisa cha "Rekodi Namba Moja" Iliyokosekana Dukani

Wauzaji wenzangu, leo sina mbinu ya kuongeza wafuasi wala saa nzuri ya kuposti. Nina ubishi mmoja tu, na najua wengine hamtaupenda, kwa sababu unagusa msemo ambao nusu yetu tumeuandika juu kabisa ya kurasa zetu: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mimi nasema huu msemo unatula mitaji. Ushahidi ninao, ila unatoka mbali: Memphis, jimbo la Tennessee, kusini mwa Marekani, mwaka 1972. Bendi moja ilitoa albamu pale, waandishi wa muziki wakaisifia kweli kweli, na bado haikufikisha mauzo ya nakala 10,000 katika nchi ambayo wakati huo ilikuwa na watu zaidi ya milioni 200. Nitawapeleka huko, lakini vumilieni nianze na tisheti.

Mnaonifuatilia mnajua nauza mitumba ya kiume. Balo nafungua na kuchambua mwenyewe, fremu yangu ni ndogo, mauzo mengi ni ya kwenye simu. Miezi miwili iliyopita nilifungua balo la tisheti, katikati nikakuta moja nyeusi, kifuani ina nyota kubwa ya njano imechorwa kama zile taa za kuwaka za baa, na jina Big Star. Nikasema hii ya wafanyakazi wa supamaketi fulani huko kwao. Nikaipiga picha pamoja na zingine, nikaandika 7,000, nikaposti, nikaendelea na mishe zangu. Usiku uleule mtu wa Mbeya akaandika chini ya picha: "Kaka hiyo ya nyota napataje? Nakupa hata 20,000."

Komenti yake nimeiona siku ya tatu. Nikamjibu haraka haraka, "ipo boss, karibu inboksi." Kimya. Nikamfuata inboksi. Kimya.

Hiyo 20,000 iliniuma, siwadanganyi. Ila nilibaki na swali: huyu mtu ameona nini kwenye tisheti ya supamaketi mpaka apandishe bei mwenyewe bila kuombwa? Nikaingia kutafuta hilo jina. Bando la wiki nzima likaishia humo.

Kumbe kwenye supamaketi sikukosea sana. Memphis kulikuwa na maduka ya vyakula yanaitwa Big Star, na vijana wa bendi walikuwa wanatoka studio kwenda kununua vitafunwa kwenye duka mojawapo. Siku wanatafuta jina la bendi, wakachukua la pale dukani. Albamu yao ya kwanza wakaiita #1 Record, yaani Rekodi Namba Moja. Wale ni watu wenye utani, maana walijiita nyota kubwa na rekodi wakaiita namba moja kabla hata haijaingia sokoni. Sisi nasi tunaandika "duka namba moja Tanzania" tukiwa na wafuasi 214, kwa hiyo tusiwacheke.

Walikuwa wanne. Chris Bell na Alex Chilton walikuwa wanaimba, wanapiga gitaa na kutunga. Andy Hummel alipiga besi, Jody Stephens dramu. Huyu Chilton alikuwa tayari na jina: mwaka 1967, akiwa na miaka 16 tu, aliimba The Letter na bendi ya The Box Tops, na wimbo ule ukawa wa kwanza kwenye chati za Marekani. Sasa wewe unayesema "mimi shida yangu sina jina tu, ningekuwa na jina ningeuza", mtazame huyu. Jina alikuwa nalo.

Ubora nao ulikuwepo, na ulikuwa na sababu. Kijana mmoja wa Memphis anaitwa John Fry alianza kurekodi muziki nyumbani kwa wazazi wake akiwa bado mdogo, baadaye akafungua studio inaitwa Ardent. Mitambo yake ilikuwa mizuri kiasi kwamba lebo kubwa ya muziki wa soul ya mji ule, Stax, ilikuwa inapeleka kazi kwake ikizidiwa. Fry alikuwa anawafundisha vijana namna ya kutumia mitambo, halafu wateja wenye hela wakishaondoka usiku, anawaachia studio wajifunze. Chris Bell na wenzake walikulia humo. Fikiria fundi wa kushona anakuachia cherehani zake zote usiku kucha, bure, miaka na miaka. Siku ukitoa nguo yako ya kwanza haiwezi kuwa na uzi unaning'inia.

Nimeisikiliza. Mimi ni mtu wa singeli na bongo fleva, muziki wa magitaa sikuwa na habari nao. Aina yenyewe inaitwa pawa pop, jina ambalo Pete Townshend wa bendi ya The Who ya Uingereza alilitumia mwaka 1967 kuelezea muziki wao. Nikieleza kwa lugha yangu ni hivi: wimbo mfupi, gitaa linalia kama kengele, sauti za watu wawili watatu zimepandana, kiitikio kinakukaa kichwani ukiwa unapiga pasi. Halafu ukisikiliza vizuri unagundua mwimbaji ana huzuni. Kuna wimbo unaitwa Thirteen, una magitaa tu na sauti ya chini, unahusu mapenzi ya utoto yale ya kumsindikiza mtu kutoka shule. Nimeurudia sijui mara ngapi. Sielewi kila neno lakini naelewa yule mtoto anataka nini. Kizuri? Ni kizuri, jamani. Hapo hakuna ubishi.

Na sifa zilikuja mapema. Albamu ilivyotoka 1972, magazeti ya biashara ya muziki na waandishi waliisifia sana. Vijana wenyewe wakahangaika kuipeleka redioni, baadhi ya vituo vikapiga. Kisha zikaanza kuja barua za mashabiki. Na barua zile, wauzaji wenzangu, zilikuwa zinalalamika: tumeisikia, tumeipenda, tumeenda dukani, haipo.

Nilipofika hapo niliweka simu chini. "Kaka hiyo ya nyota napataje?" ni barua hiyohiyo.

Sasa ilikuwaje mzigo usiwepo? Hapa ndipo penye shule, kwa hiyo nitakaa kidogo. Ardent ilikuwa na lebo yake ndogo chini ya Stax. Kazi ya kurekodi ilikuwa ya Ardent, ila kupeleka santuri madukani ilikuwa kazi ya Stax. Stax walikuwa wazuri kweli, lakini kwenye muziki wa soul. Huko ndiko walikojenga majina ya akina Otis Redding na Isaac Hayes, na huko ndiko walikokuwa na njia zao, wasambazaji wao, maduka yao. Vijana wa magitaa walikuwa wananunua kwenye maduka mengine. Ni kama umempa mzigo wako wa viatu vya watoto mtu ambaye wateja wake wote ni mafundi bomba. Mtu mwaminifu, mchapakazi, anauza kila siku, ila anauza kwa wengine.

Wakaliona tatizo. Mwaka huohuo 1972 Stax wakaingia mkataba na kampuni kubwa kabisa, Columbia, ili Columbia ndiyo isambaze rekodi zote. Unaweza kuwaza ile furaha. Maduka nchi nzima! Ni kama leo mtu akwambie bidhaa zako zitakaa kwenye kila supamaketi kuanzia Mtwara hadi Bukoba. Kumbe Columbia hawakutaka kufanya kazi na wale wasambazaji wadogo wa zamani wa Stax. Njia ya zamani ikafungwa kabla ya mpya kufunguka, na hata zile nakala chache za albamu zilizokuwa madukani zikaondolewa. Yaani mkataba wa kupeleka mzigo ndio uliotoa mzigo dukani.

Chris Bell ndiye aliyeumia zaidi. Albamu ile ilikuwa mtoto wake, sauti ile aliijenga yeye usiku kwa usiku. Mwaka haujaisha akaondoka kwenye bendi.

Mei 1973 pakafanyika jambo ambalo hata kulitunga ningeogopa. Waandishi wa muziki kutoka huku na huku Marekani walialikwa Memphis kwenye mkutano wao, na Big Star, wakiwa wamebaki watatu, wakapanda jukwaani kuwapigia. Waandishi wakacheza. Wale watu ambao kazi yao ni kukaa pembeni na kalamu, waliinuka wakacheza. Wasifiaji wote wa nchi wako ukumbini mwako, wanakushangilia, na nje ya ukumbi hakuna duka lenye mzigo wako.

Sifa ile iliwapa moyo wakarekodi albamu ya pili, Radio City, ikatoka 1974. Safari hii mambo kati ya Stax na Columbia yalikuwa yameshaharibika. Bosi wa Columbia aliyekuwa nyuma ya ule mkataba, Clive Davis, alifukuzwa kazi Mei hiyohiyo ya 1973, na waliobaki hawakuwa na hamu nao. Albamu ikakosa msukumo tena. Ya tatu ilirekodiwa 1974 lakini hakuna aliyetaka kuitoa hadi 1978, bendi ikiwa imeshakufa. Stax wenyewe walifilisika mwishoni mwa 1975.

Kuhusu Clive Davis nina neno. Mkataba ulikuwa wa kampuni na kampuni, lakini kumbe ulikuwa unapumua kwa mtu mmoja. Ngapi zetu ziko hivyo? Unamjua karani mmoja tu stendi anayepokea vifurushi vyako bila usumbufu, akihamishwa kituo biashara yako ya mikoani imelala wiki mbili. Unamjua dada mmoja Kariakoo anayekuwekea mzigo, akienda kujifungua huna stoki. Mimi nilikuwa hivyo na sikuwahi kuliona kuwa ni tatizo, nililiita "konekisheni".

Najua mtakachosema. Wa kwanza atasema: labda soko halikuutaka tu muziki wenyewe. Ni hoja ya haki. Mwaka 1972 watu wa roki walikuwa wamehamia kwenye nyimbo ndefu, gitaa la dakika kumi, na Memphis ulikuwa mji wa soul. Wale vijana walikuwa wanapiga muziki wa kuwakumbuka The Beatles, na The Beatles walivunjika 1970. Inawezekana hata wangejaza maduka yote wasingeuza milioni. Ila kwanza, zile barua zipo kwenye kumbukumbu za bendi, kwa hiyo wateja walikuwepo. Na pili, kinachonitisha zaidi ni kwamba hawakupata hata nafasi ya kujua. Bidhaa ikiwa dukani isipouzwa, unajua haitakiwi, unabadilisha. Bidhaa isipokuwepo dukani unabaki kujilaumu kwa kosa ambalo hujui kama ni lako. Chris Bell alijilaumu.

Wa pili atasema: lakini si mwisho wa siku walitambuliwa? Kweli walitambuliwa. The Bangles waliurudia wimbo wao September Gurls mwaka 1986. The Replacements walitunga wimbo mzima wenye jina la Alex Chilton mwaka 1987. R.E.M., vijana wa Athens, Georgia, kusini hukohuko, walikuwa wanawataja kila mara. Wimbo wao In the Street ukaja kuwa wa ufunguzi wa tamthilia ya That '70s Show kuanzia 1998, ukiimbwa na watu wengine. Mwaka 2003 jarida la Rolling Stone lilipotoa orodha ya albamu 500 bora za nyakati zote, zote tatu za Big Star zilikuwemo. Filamu yao ilitoka 2012.

Haya. Sasa tazama tarehe nyingine. Chris Bell baada ya kutoka kwenye bendi alikuja kufanya kazi kwenye mgahawa wa familia yao. Mwaka 1978 alitoa santuri moja ndogo, nyimbo mbili, kwa lebo ndogo ya rafiki. Tarehe 27 Desemba mwaka huohuo gari lake lilipata ajali Memphis, akafa. Alikuwa na miaka 27. Mimi nina 26. Alex Chilton, mtu aliyeshika namba moja ya Marekani akiwa na miaka 16, mwanzoni mwa miaka ya 1980 alikuwa anaosha vyombo kwenye mgahawa New Orleans. Yeye aliishi kuziona heshima, akarudi jukwaani, akafa Machi 2010. Andy Hummel akafuata Julai ya mwaka uleule. Amebaki mpiga dramu.

Kwa hiyo ukiniambia "kizuri kitajulikana tu, kiwe na subira", nakuuliza: kwa nani, na lini? Heshima ya miaka 20 baadaye hailipi kodi ya fremu ya mwezi huu. Na ile 2003 haikumkuta Chris.

Tuje kwa wanamuziki wa leo wa hukohuko kusini, maana mambo yamegeuka na yanatuhusu moja kwa moja. Leo kijana wa Mississippi au Alabama anayepiga pawa pop chumbani hahitaji Stax wala Columbia. Anaweka albamu yake mwenyewe kwenye Bandcamp, tovuti iliyoanza 2008, anapanga bei yake, shabiki analipa, tovuti inakata asilimia 15 ya mauzo ya kidijitali, nyingine yake. Santuri na tisheti anafunga mwenyewe mezani, anapeleka posta mwenyewe. Ni sisi kabisa! Anapiga picha, anajibu ujumbe, anaandika anwani kwenye bahasha. Ningekuwa na namna ya kuirudisha nyuma miaka, ningempelekea Chris Bell simu yangu hii yenye kioo kilichopasuka, auze nakala zake mwenyewe.

Ila hata hapo tusilale. Bandcamp iliuzwa kwa Epic Games mwaka 2022, mwaka uliofuata ikauzwa tena kwa kampuni nyingine, na karibu nusu ya wafanyakazi hawakuendelea. Wanamuziki wadogo wakashika vichwa. Duka lako likiwa ndani ya nyumba ya mtu, mwenye nyumba anaweza kuiuza nyumba na wewe ukiwa ndani. Kurasa zetu hizi nazo ni hivyohivyo. Namba za wateja wako ziandike kwenye daftari, la karatasi, lile la kurasa 96.

Nirudi kwangu, maana ni rahisi kuwasema Columbia.

Mwaka jana kabla ya Idi niliposti video ya makoti na mashati meupe, ikaenda. Ilienda vibaya mno, watu wanaitupia kwenye magrupu, komenti zaidi ya 300. Nikazidiwa, nikampa winga mmoja akae na simu ya oda, kamisheni kwa kila kipande. Kijana mzuri, mdomo anao. Ila alikuwa na mizigo ya watu wanane, na mteja akiuliza shati langu akichelewa kidogo anapelekewa la mtu mwingine lenye kamisheni nzuri zaidi. Wiki ile niliuza vipande 11. Nilimchukia muda mrefu. Siku hizi nasema yule hakuniibia, alifanya alichofanya Stax: aliuza anachojua kuuza kwa watu anaowajua. Aliyemkabidhi hatua ya mwisho ya biashara yangu ni mimi.

Baada ya kusoma kisa cha Big Star nilimpigia shemeji yangu yuko Morogoro, nikamwambia ajifanye mteja, atumie laini ambayo siijui, anunue shati kwangu. Asinitanie, aje kama mgeni. Jamani. Ilimchukua siku tatu. Namba iliyo juu ya ukurasa wangu ni ya laini niliyoacha kuitumia Februari. Picha tano za juu zote zilikuwa za vitu vilivyokwisha. Bei sikuweka, niliandika "bei inboksi" kama mtu anayeuza nyumba. Alipofika inboksi nilimjibu baada ya saa 19. Na nauli ya kifurushi nilimwambia akiwa ameshalipa, akaniandikia, "Wewe kaka ni tapeli?" Alikuwa hajifanyi tena, alikuwa amekasirika kweli.

Wakati huohuo siku zile tatu nilipata komenti za "mzigo mkali", "unajua kuchagua kaka", mioyo na moto. Nilikuwa na raha. Nilikuwa kwenye ukumbi wangu wa Memphis nawapigia waandishi wanacheza.

Kwa hiyo ushauri wangu, kama ni lazima niutoe, mtu asinunue tangazo lolote wiki hii. Mtafute shemeji. Mtu mwenye hasira kidogo, asiyekuogopa, asiye karibu na ulipo. Akishanunua akuhadithie kila sehemu aliyokwama, na wewe unyamaze, usijitetee. Mimi nilijitetea dakika kumi za kwanza na nikapoteza vocha yangu bure. Picha ya kilichouzwa iondoke siku hiyohiyo. Bei na nauli ya basi viandikwe pamoja, mbele. Na kama unamkabidhi mtu mwingine simu au mzigo, jiulize akilala leo bila kuuza chako atalala njaa au la. Kama halali njaa, mpe kipande, usimpe njia yote. Mimi sasa najibu mwenyewe, saa mbili asubuhi na saa mbili usiku, na nimeandika hivyo hivyo kwenye ukurasa. Mauzo hayajalipuka, msinielewe vibaya. Wiki iliyopita oda za mikoani zilikuwa tisa na tisa zote zilifika. Zamani zingekuwa 20, zikafika sita.

Mtaniambia msemo ni wa wahenga, usipingwe. Siupingi kwa adabu mbaya. Wahenga waliusema wakati kizuri kimewekwa sokoni kwenye mkeka, mteja anakiona, anakishika, anakigeuza. Hapo kweli kinajiuza. Sisi mkeka wetu ni kioo cha simu, mteja yuko Mbeya, na kati yake na shati kuna boda, karani, basi na mimi niliyelala.

Tisheti ya nyota bado ninayo. Nimeifua, nimeitundika fremuni juu ya meza, na watu wawili wameshaiulizia hapa hapa, nimewaambia ina mwenyewe. Jana usiku nikamwandikia tena yule wa Mbeya: "Kaka, ile ya Big Star ipo. Bei ni ile ile ya kwanza, 7,000, nauli juu yangu, nikipata jina la stendi inapanda basi la kesho asubuhi. Samahani kwa kuchelewa. Halafu Thirteen nimeusikiliza."

Tiki mbili zimeshakuwa za bluu. Namsubiri.